AC ya gari inadondosha maji: soma dalili kabla hujafungua chochote

Joto likipamba moto, swali ninaloulizwa kuliko yote gereji ni hili: "Fundi, AC yangu inavuja maji, nifanyeje?" Nami hujibu kwa swali: yanadondokea nje au ndani? Kama ni nje, chini ya gari, mara nyingi mazungumzo huishia hapo na mwenye gari anaondoka na pesa yake mfukoni. Kama ni ndani, kwenye kapeti, hapo ndipo kazi inapoanza.

Watu wengi huogopa kinyumenyume. Kidimbwi chini ya gari kinawakosesha usingizi, lakini gari lisilodondosha hata tone siku ya joto la jasho hawalitilii shaka kabisa. Mimi hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi. Maji lazima yapite mahali. Usipoyaona yakitoka chini, jiulize yamejificha wapi.

Kwa nini AC itoe maji

AC haina tangi la maji. Maji yanatoka hewani. Nyuma ya dashibodi, mara nyingi upande wa abiria, kuna kitu kama rejeta ndogo ya aluminiamu, ndiyo evaporeta. Gesi ya AC ikipita humo, evaporeta hupoa hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri. Feni inapopuliza hewa ya joto juu yake, unyevu uliomo hewani unageuka matone, kama chupa ya maji baridi inavyotoa jasho ukiiweka mezani.

Kiasi chake hushangaza. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za maji. Ipoze hadi nyuzi 10, haiwezi tena kubeba zaidi ya gramu 9 na kidogo. Kinachozidi ndicho kinachodondoka. Na feni ya gari inasukuma mamia ya mita za ujazo kwa saa, kwa hiyo hewa ikiwa nzito usishangae yakitoka maji ya kujaza chupa ya lita moja, hata zaidi, ndani ya saa moja.

Chini ya evaporeta kuna trei, trei ina tundu, na tundu lina kimpira kinachopenya ukuta wa chuma ulio kati ya injini na chumba cha abiria na kumwaga maji nje. Kimpira chenyewe hakizidi unene wa kidole. Sehemu kubwa ya yatakayofuata hapa ni habari zake.

Kabla ya yote: hayo ni maji kweli?

Weka kipande cha kadibodi au karatasi nyeupe chini ya tone, kiache kilowe, kisha tazama, shika na unuse. Usionje. Nasema hivyo kwa sababu nimeshamwona mtu mzima akilamba kidole.

Hakina rangi, hakina harufu, kikikauka hakiachi alama: ni maji ya AC. Kikiwa kijani, pinki, bluu au rangi ya chungwa, kinateleza vidoleni na kunukia utamutamu, hiyo ni kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayotiwa kwenye rejeta. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu kwa mtu na kwa mnyama, na ule utamu humvuta mbwa na mtoto, kwa hiyo usiliache dimbwi lake wazi. Kahawia au nyeusi na nzito ni oili ya injini. Nyekundu yenye mafuta mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Kitu kisicho na rangi au cha manjano hafifu kinachoteleza sana, karibu na gurudumu au chini ya pedali, kichukulie kuwa ni mafuta ya breki na gari usilisogeze. Ukisikia harufu ya petroli, zima kila kitu, shusha watu, ita fundi.

Matone machache kwenye mdomo wa ekzosi asubuhi hayahusiani na AC. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na ekzosi ikiwa bado baridi mvuke huo hugeuka matone.

Maji safi yanadondoka chini, ndani pakavu

Hongera, AC yako inafanya kazi. Dimbwi hukaa chini ya upande wa abiria au katikati, nyuma kidogo ya injini, na huwa kubwa zaidi ukisimama gari likiunguruma, maana ukiwa safarini matone yale yale yametawanywa njia nzima. Ukizima gari litaendelea kudondosha kwa dakika kadhaa mpaka trei iishe.

Kitu cha pili kinachodondosha, nacho ni cha kawaida, ni lile paipu nene la AC ndani ya boneti. Linabeba gesi ya baridi kurudi kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, basi na lenyewe linatoa jasho. Paipu jembamba huwa la moto, usilishike ovyo.

Sababu ya tatu si ya AC: tangi au mpira wa maji ya wipa. Maji hayo huwa mbele kabisa na mara nyingi yana povu au rangi.

Ya nne ndiyo inayodanganya watu. Kama rejeta yako imejazwa maji matupu badala ya kulanti, kipimo cha rangi hakikusaidii kitu. Maji ya rejeta na maji ya AC yatafanana kwenye kadibodi. Hapo fanya hivi: usiwashe AC siku nzima. Kama chini panaendelea kulowa, si AC. Tazama pia kichupa cha akiba asubuhi injini ikiwa baridi, tia alama, na ukitazame tena baada ya siku 2 au 3. Kikishuka, unavuja upande wa rejeta, na injini inaweza kuchemka njiani. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa humo yana joto kuliko maji yanayochemka jikoni na yatakurukia usoni.

Kapeti la abiria limelowa

Hii wenye gari huigundua kwa njia moja: abiria anavua kiatu, soksi inanyonya maji. Wa kwanza kulaumiwa huwa mtoto na chupa yake. Bonyeza kapeti kwa ngumi karibu kabisa na ukuta wa mbele, pale vidole vya miguu vinapofika. Juu panaweza kuwa pakavu huku sponji ya chini imejaa maji kama ya kuogea.

*Kimpira kimeziba.* Anza hapa kila mara. Vumbi, vipande vya majani, tope la barabarani, utelezi wa kuvu, vyote hujikusanya humo. Nyigu wanaojenga kwa udongo nao wanalipenda tundu lile kana kwamba walichongewa wao. Kipimo ni rahisi: egesha mahali pakavu nje, washa AC baridi ya mwisho na feni kasi ya kati, zima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili iingie hewa ya nje yenye unyevu, subiri dakika 15. Chini hakuna tone na ndani kunazidi kulowa? Umeshapata jibu. Wengine hulipata mapema zaidi: kila wakikata kona wanasikia chubwi-chubwi nyuma ya dashibodi. Hiyo ni trei imefurika. Kipimo hiki kisifanywe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, haina harufu, na inaua.

Kukitafuta kimpira, fungua boneti, simama upande wa abiria, mulika ukuta wa chuma nyuma ya injini, chini. Utaona kimpira cheusi kifupi kilichopinda kuelekea ardhini. Kwenye magari mengine kiko katikati, juu ya giaboksi, na hukioni bila kuingia uvunguni. Usikichanganye na ile mipira miwili iliyolala sambamba na kufungwa kwa klempu. Hiyo ni ya heta, kile kifaa cha kupasha joto ndani ya gari, na ndani yake mna kulanti ya moto.

Injini ipoe kwanza, na ekzosi pia. Kama huna budi kuingia chini, gari likae juu ya stendi za jeki, kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare, hendibreki juu, magurudumu yametiwa kabari. Jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake. Sitalirudia hili, kwa hiyo lisome mara mbili.

Sasa minya ncha ya kimpira. Nyingi zina midomo iliyobana kama mdomo wa bata na uchafu hung'ang'ania pale pale. Minya, zungusha, minya tena. Tanguliza beseni na ujiweke pembeni, kwa sababu maji hutoka kwa mkupuo, na maji yaliyolala wiki mbili kwenye trei hayana harufu ya kusimulia. Kazi nyingi huishia hapa. Isipoishia, vuta uchafu kwa vakyumu inayoweza kunyonya maji, ukiziba pembeni kwa tambara. Bado? Puliza kutoka chini kwa upepo mdogo. Pampu ya baiskeli inatosha. Kompresa ya gereji ikiachiwa mwisho inaweza kukichomoa kimpira upande wa ndani au kurusha tope hadi kwenye feni. La mwisho ni uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia nyasi, uchome ncha kwa moto mpaka iwe butu, uingize taratibu sentimita chache tu.

Bisibisi hapana. Waya wa chuma hapana. Nikiwa bado mwanagenzi nilinyoosha kipande cha waya, nikakisukuma juu kwa kimpira nikiwa nimelala chali. Nikahisi kitu laini kinakubali. Nikasukuma tena kidogo, nikidhani ni tope. Ikatoka psss, ndefu, haikatiki, na ukungu mweupe wenye mafuta ukaanza kumiminika kwenye matundu ya dashibodi. Bwana aliyekuwa ananifundisha hakusema neno. Alifungua milango yote minne, akasimama kando akitazama gesi ya watu ikiisha. Aluminiamu ya evaporeta ni nyembamba sana. Kesho yake tulishusha dashibodi nzima, kwa kazi ambayo ingemalizwa kwa vidole viwili.

Ukishazibua, rudia kile kipimo cha dakika 15 na uone matone yakianza. Kikiziba tena baada ya wiki chache, uchafu unatoka juu: badilisha filta ya AC, na uondoe majani yaliyojazana chini ya wipa.

*Kimpira kimechomoka au kimekaa upande.* Kitilie shaka kama dashibodi imewahi kufunguliwa, iwe kwa redio, kwa heta au kwa nyaya. Anayerudisha boksi la evaporeta akisahau kukipitisha kimpira kwenye tundu lake, maji yote yanamwagika ndani na wewe unahangaika kuzibua kitu ambacho hakijaziba. Piga magoti mlangoni, mulika chini ya droo ya dashibodi, fuata tone linakoanzia.

*Raba au povu la kuzibia limechakaa.* Maji yanatoka nje vizuri, kisha yanarudi ndani yakifuata ngozi ya kimpira pale kinapopita ukutani. Huyu ni mwizi wa kimyakimya: chini unaona matone ya kawaida, na kapeti linalowa polepole. Safisha, kausha kabisa, weka raba mpya. Silikoni nayo inashika, mradi usilizibe tundu lenyewe; nimeshakuta hilo pia.

*Paipu la baridi limevuliwa shuka lake.* Mapaipu yanapoingia kwenye evaporeta huvikwa povu au utepe mzito wa kuzuia jasho. Ukibanduka, paipu linadondosha moja kwa moja miguuni. Utepe mpya unamaliza.

*Boksi la evaporeta limepasuka.* Nadra. Hutokea kwa magari yaliyogongwa au yaliyofunguliwa kwa nguvu. Hiyo ni kazi ya fundi.

*Si AC kabisa.* Hapa kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni heta: kapeti linateleza, linanukia utamu, kioo cha mbele kinashika utando wa mafuta usiofutika vizuri, na kulanti inapungua bila dimbwi nje. Usiendelee kusafiri hivyo, kwa sababu unavuta mvuke wa kulanti na injini inakaukiwa. Wa pili ni mvua. Maji ya mvua hupita kwenye raba ya kioo cha mbele, kwenye mifereji iliyoziba chini ya wipa, kwenye nailoni ya ndani ya mlango, au kwenye vimpira vya sanrufu. Watenganishe kwa siku: siku moja kavu bila AC, siku moja kavu na AC, kisha gari likiwa limezimwa mwagia maji kwa mpira wa bustani, ukianzia chini kwenda juu, mwenzako akiwa ndani na tochi. Mtu akikimbilia kukuambia heta imekufa na dashibodi lazima ishuke, mwombe kwanza akuonyeshe kulanti kwenye karatasi nyeupe. Kama karatasi ni safi, hajakuthibitishia kitu.

Chanzo kikishatibiwa, kapeti bado ni tatizo. Kuacha vioo wazi juani hakukaushi sponji ya chini. Toa mkeka, inua kapeti, weka kitu cha kulishikilia juu, nyonya maji kwa vakyumu, kisha elekeza feni siku nzima au mbili. Chini ya hapo magari mengi yamepitisha nyaya, na mengine yana kompyuta ndogo. Maji yakishafika kwenye soketi, utaanza kuona taa za ajabu kwenye dashibodi miezi baadaye na hakuna atakayekumbuka AC. Soketi na nyaya za manjano chini ya siti ni za mifuko ya hewa. Usizichomoe, usizipime na mita.

Kapeti la dereva limelowa

Hapa fikiria mvua na mlango kwanza, kisha mafuta ya breki au klachi yanayoshuka kwenye pedali, kisha heta. AC iwe ya mwisho, isipokuwa kwa magari ambayo trei yake iko katikati.

Matundu ya hewa yanarusha matone au "moshi"

Moshi mweupe hafifu usio na harufu, unaotoka dakika za kwanza hewa ikiwa nzito, ni ukungu tu: hewa ya baridi imekutana na hewa yenye unyevu. Utaisha wenyewe gari likipoa. Ukiwa na harufu ya kuungua au ya utamu, zima, egesha, shuka.

Matone yanayoning'inia kwenye matundu huja zaidi ukiendesha vioo vikiwa wazi na AC imewashwa. Plastiki iko baridi, hewa ya nje ina unyevu, lazima itoe jasho. Funga vioo, ongeza kasi ya feni. Matone yanayorushwa hasa, yakakupiga usoni ukishika breki, ni trei iliyofurika. Rudi kwa kimpira.

Inapoza vizuri, kisha upepo unafifia, na ukizima maji yanamwagika mengi

Hapo evaporeta imeshika barafu. Feni unaisikia ikivuma lakini upepo hautoki, kwa sababu njia imezibwa na barafu. Kipimo chake ni rahisi: zima AC, acha feni kasi ya mwisho kwa dakika 10 hadi 15. Upepo ukirudi na chini ya gari pakatiririka, ni barafu iliyoyeyuka.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni filta ya AC iliyojaa vumbi. Hewa haipiti ya kutosha, baridi inajilundika. Mara nyingi filta iko nyuma ya droo ya dashibodi na hutoka bila spana. Ishike kwenye mwanga. Usipoona mwanga upande wa pili, imekwisha. Kuipiga-piga ukutani ni kuahirisha tu. Feni dhaifu huleta tatizo hilo hilo.

Inayofuata ni gesi pungufu. Inaonekana kama kinyume cha akili, gesi ipungue halafu baridi izidi hadi kuganda, ila ndivyo ilivyo: shinikizo likishuka ndani ya evaporeta, joto la gesi linashuka nalo, na sehemu ya evaporeta inapita chini ya sifuri. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Ikipungua, kuna inakovuja, na anayekujazia tu bila kutafuta tundu anakukaribisha umtembelee tena. Baada ya hapo ndipo tunafikia sensa ya baridi ya evaporeta na valvu ya kupunguza shinikizo, ambazo hazipimwi kwa macho.

Filta badilisha mwenyewe. Gesi usiiguse. R-134a, gesi ya AC ya magari mengi, huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri kwenye hewa ya kawaida, kwa hiyo tone lake likikurukia jichoni linagandisha. Magari mapya zaidi hutumia R-1234yf, ambayo inaweza pia kushika moto. Hizo mbili hazichanganywi; kibandiko ndani ya boneti kinakuambia yako ni ipi na inahitaji gramu ngapi. Makopo ya kujijazia yenye dawa ya kuziba matundu siyapendi hata kidogo: huziba hata yasiyopaswa kuzibwa, na mashine za kunyonyea gesi huharibika kwa ajili yake.

Hakuna tone hata moja

Kwanza angalia kama unatumia hewa ya ndani. Hewa ikizunguka humo humo hukauka baada ya muda, na matone hupungua sana. Kisha angalia hewa ya siku hiyo: joto kavu kabisa halina unyevu wa kukupa. Kama AC haipozi, basi maji nayo hayatatoka. Hilo ni tatizo jingine. Lakini inapoza barabara, hewa ni nzito, umeweka hewa ya nje, na dakika 15 zimepita chini pakavu? Zibua kimpira leo, kabla kapeti halijakuambia.

Harufu ya soksi na vioo vyenye ukungu

Harufu ya uvundo dakika ya kwanza ya kuwasha AC ni kuvu kwenye evaporeta inayokaa imelowa. Badilisha filta, hakikisha trei inamwaga, tumia dawa ya povu iliyotengenezwa kwa evaporeta kwa kufuata maelezo ya kopo. Manukato ya kuning'iniza yanaongeza harufu ya pili tu. Zoea kuzima kitufe cha AC dakika 2 au 3 kabla ya kufika huku feni ikiendelea, evaporeta ikauke kidogo.

Vioo kushika ukungu kwa ndani kila asubuhi, hata kama kapeti linaonekana kavu, ni ishara ya sponji iliyolowa. Ukungu wa nje ya kioo ni kitu tofauti: kioo kimepozwa mno na hewa ya nje ina unyevu. Piga wipa, punguza baridi.

Gari la umeme au haibridi

Usishtuke likidondosha likiwa limeegeshwa na linachajiwa. AC yake inaweza kujiwasha kupoza betri au chumba. Kimpira kinazibuliwa vile vile, ila nyaya nene za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua, na kompresa yenyewe inaendeshwa nao. Zikiwa karibu na unapotaka kupeleka mkono, acha.

Acha, ita fundi

Acha kama majimaji yana rangi, utelezi au utamu. Kama umesikia mlio wa gesi ikitoka au umeona mafuta kwenye viungo vya mapaipu ya AC. Kama taa ya mifuko ya hewa imewaka. Kama kimpira umekizibua na ndani bado kunalowa. Kama kazi inadai dashibodi ishuke. Na kama geji ya joto inapanda, hilo halisubiri gereji: egesha, zima injini.

Ukimpigia fundi, usimwambie "AC inavuja." Mwambie maji yako upande gani, yana rangi na harufu gani, yanatoka AC ikiwashwa tu au wakati wote, yalianza baada ya mvua au baada ya nani kufungua nini, na kama upepo unafifia baada ya muda. Mpelekee na ile kadibodi yako.